Barua Nane kwa Rutabana

Jumanne, 6 Mei 1952
Nimepalilia mpaka mgongo ukakataa. Nimetandaza nyasi kwenye migomba ya juu. Halafu nimenawa mikono na kukaa kumwandikia jirani yangu Rutabana. Ng'ombe wake wameingia tena kibanjani kwangu. Wamekula migomba michanga saba.

Barua nzuri. Ukurasa wa mbele salamu: afya yake, watoto wake, mvua, ndugu zake wa Ngenge. Nimetaja pombe kibuyu kimoja na kahawa furushi moja ninazompelekea, kama nilivyozoea. Ng'ombe nimewaweka nyuma ya karatasi, chini kabisa, kwa adabu.

Mkwe wangu Koku anasema mtu atasinzia kabla hajafika kwa ng'ombe. Nimemwambia mimi nilifundishwa kuandika misheni, miezi minane kabla ya ubatizo, na herufi zangu zinasimama wima. Za kwake zote zimelewa. Akacheka. Hana aibu.

Amepeleka barua pamoja na kibuyu cha rubisi na kahawa ya kutafuna. Kwetu barua haiendi mikono mitupu. Hii ni ya nane tangu mume wangu Mika afe. Kila mwaka moja. Hakuna bibi mwingine Kitendaguro anayeweza hivyo.

Ijumaa, 9 Mei
Jibu limekuja. Kalileta Leopold, karani wa Rutabana. Kikaratasi cha vidole viwili. Nimepokea pombe kibuyu kimoja, kahawa furushi moja. Tarehe. Sahihi.

Salamu hakuna. Ng'ombe hakuna. Kibuyu changu hakikurudi.

Nimekasirika. Mtu mzima, mali yote ile, hana hata habari za asubuhi. Kikaratasi nimekiweka ndani ya Biblia na vile saba vya miaka ya nyuma. Vyote vinasema hivyo hivyo. Nilidhani ni adabu ya watu wenye makarani.

Jumatano, 14 Mei
Wamekuja watu wanne na Leopold. Hawakubisha hodi. Wamehesabu migomba. Wamehesabu mibuni. Wamepigilia vigingi kumi na viwili. Mmoja wao alisimama juu ya kaburi la Mika ili aone vizuri. Nimemfukuza kwa jembe.

Nimemuuliza Leopold wanapima nini. Akasema, "Shamba la Bwana, Bibi. Wewe ni mtu wake."

"Mtu wake tangu lini?"

"Una barua nane zinasema. Mkono ni wako mwenyewe."

Akainama kidogo, kama anayenisalimu kanisani, akaondoka. Sijala. Koku amepika, nikamwambia ale yeye.

Alhamisi, 15 Mei
Kigingi kimoja kiko hatua mbili kutoka miguuni kwa Mika. Nilitaka kuking'oa. Koku akanishika mkono. Mara ya kwanza kunishika mkono tangu aolewe hapa. Nimemwacha anishike.

Mwanangu Elia, mume wa Koku, yuko kisiwani Goziba anavua. Sitamwandikia. Atapanda mtumbwi wa kwanza aje kupasua kichwa cha mtu, afungwe, na kibanja kiende. Ni chake na cha watoto wake.

Jumatatu, 19 Mei
Nimekwenda mjini na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa Zakaria, mzee wa mashine ya taipu, anayekaa kwenye kibaraza cha duka la nguo na kuwaandikia watu barua za Boma. Alikuwa karani zamani. Ana miwani yenye uzi.

Nimemwonyesha vikaratasi vinane. Alikuwa anatafuna kahawa. Akaacha kutafuna.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Kuna mashamba ya nyarubanja. Ardhi ni ya bwana, wengine wanalima tu, na kila msimu wanampelekea pombe na kahawa. Hayo nayajua, waitu, nimezaliwa hapa. Lakini kibanja cha Mika si nyarubanja. Akasema, "Wewe unajua. Karatasi zinajua nini? Zinajua kwamba miaka minane umepeleka pombe na kahawa, ukaandika kwa mkono wako, naye akakuandikia amepokea."

"Nilimpelekea kama jirani!"

"Umeandika wapi neno jirani?"

Sikuandika. Nani anamwandikia jirani kwamba ni jirani?

Na ng'ombe? Akasema ng'ombe wako nyuma ya karatasi, na Rutabana atawaonyesha upande wa mbele.

Nimejisikia mpumbavu. Mimi niliyejivuna herufi zangu zinasimama. Zimesimama, ndiyo. Zimesimama upande wa Rutabana.

Jumanne, 20 Mei
Nimerudi kwa Zakaria. Akaniuliza, "Unataka nini kwa Bwana DC?" Nikaanza na salamu. Akainua mkono. "Kwa pumzi moja, Bibi." Nikasema vigingi viondolewe. Akasema, "Hiyo ndiyo barua."

Nimemgombeza. Barua isiyo na salamu ni kumwingilia mtu ndani anapooga. Akasema Bwana DC ana barua nyingi mezani kila asubuhi, na jambo lisiloonekana juu halionekani kabisa. Tarehe. Jina na mahali. Jambo moja, mstari wa kwanza. Sababu. Mashahidi. Unachotaka. Basi. Na nakala ibaki kwako.

Hakutaka kupiga mashine. Alitaka mkono wangu, kwa kuwa ndio mkono ulioleta shida. Nimeandika mara nne. Mara tatu nilichomeka habari za watoto wa DC. Hata sijui kama anao. Zakaria akazikata kwa wino mwekundu.

Ya nne ndiyo hii. Vigingi kumi na viwili vimepigiliwa kwenye kibanja cha marehemu mume wangu. Kibanja si nyarubanja. Miti ya mpaka, milamula, ilipandwa na mume wangu na baba yake Rutabana wakiwa majirani, na mashahidi wawili wako hai, Mzee Samweli na Bibi Kezia. Pombe na kahawa zilikuwa za ujirani. Naomba uamuzi, vigingi viondolewe.

Fupi. Inatisha kuisoma. Chini yake karatasi ya kaboni, nyeusi, imenichafua vidole. Nakala iko kwenye Biblia.

Nilipomwambia ule mkungu niliomletea jana ni wake, akasukuma karatasi mbele yangu. "Andika ni malipo ya barua." Nikamwambia ni zawadi, mzee usiye na haya. Akasema, "Bibi, bado hujajifunza?" Nimeandika. Malipo ya barua, mkungu mmoja. Nimemsimulia Koku nyumbani, amecheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 1 Juni
Boma kimya.

Kanisani Rutabana alikaa mbele, kama kawaida. Baada ya ibada akanijia. Sauti laini. Akasema, "Kahawa yetu inaiva vizuri mwaka huu, Bibi."

Yetu.

Watu walikuwa wanatazama. Wawili hawakunisalimu. Mmoja wao nilimkanda mgongo alipojifungua.

Jumanne, 10 Juni
Ng'ombe tena. Wanaingia asubuhi na hakuna anayewachunga. Kigingi cha kaburini kimesogea. Nimepima kwa miguu yangu. Zilikuwa hatua mbili. Sasa ni moja.

Sikukigusa. Nimeandika kwa Bwana DC, mistari mitatu. Tarehe, kigingi, hatua. Nakala.

Ijumaa, 13 Juni
Boma wamejibu. Barua zangu zimefika. Shauri litasikilizwa baada ya mavuno. Mtu yeyote asiguse vigingi. Nilete mashahidi.

Nimeisoma mara tano. Haina salamu. Sikukasirika.

Jumatano, 18 Juni
Nimekwenda kwa Mzee Samweli. Alikuwepo milamula ikipandwa, yeye ndiye aliyeshika kamba. Leo hakumbuki. Anasema ni zamani sana. Alikuwa ananitazama magotini, si usoni. Mlangoni kwake kuna ndama mpya. Najua ng'ombe wa nani wana rangi ile.

Sikumtukana. Nilitaka. Nimeondoka bila kuaga, na hilo atalisikia zaidi.

Amebaki Bibi Kezia. Haamki kitandani, lakini kichwa chake kizima. Amesema watambeba kwenye machela, na wakikataa atatambaa. Koku atalala kwake kuanzia leo. Sikumwomba. Alisema mwenyewe, "Mama, asiachwe peke yake." Alisema bila kucheka.

Ijumaa, 27 Juni
Tunachuma. Mikono inanuka kahawa. Leopold anapita barabarani kila siku, anasimama, anahesabu magunia kwa macho, anaandika kitu. Nami ninaandika. Leopold, Ijumaa, kabla ya saa sita, amesimama kwenye mlamula wa tatu.

Ninaogopa. Nimeliandika hapa, sitalisema kwa mtu.

Jumapili, 6 Julai
Kahawa iko kwenye mikeka. Jua zuri. Bibi Kezia amekula uji wote.

Nimerudi kanisani, nimekuta kibuyu changu mlangoni. Kile cha mwezi wa tano. Kimeoshwa, kina kizibo kipya cha jani la mgomba. Chini yake barua ya Rutabana. Kurasa mbili. Salamu, afya yangu, Elia na uvuvi wake, mvua, marehemu Mika aliyekuwa mtu mwema. Sijawahi kupata barua nzuri hivyo kutoka kwake. Nimegeuza nyuma, nikaangalia chini kabisa. Pale palipokuwa na ng'ombe wangu. Anasema mavuno yamekwisha na anangojea kibuyu, kama tulivyozoea.

Rubisi ipo. Imeiva jana. Inanukia nyumba nzima.

Nimekining'iniza kibuyu ukutani, mdomo chini. Nimechukua karatasi na kaboni.

Nimepokea kibuyu changu kimoja, kitupu. Tarehe. Sahihi.

Koku ameipeleka. Mikono mitupu. Nakala nimeiweka juu ya zile nyingine. Halafu nimekwenda kukaa kwa Mika kidogo, nikang'oa magugu upande ambao hauna kigingi.