Yule Dume Hakuwala Watoto

Mwaitu,

Bado nakuita hivyo, mama kwa Kikamba chetu, kwa sababu ulibeba jina la mama yangu na sioni kwa nini niache. Ni mimi baba yako, hapa Kola. Mwandiko ni mbaya lakini ni wangu, sikuandikiwa na mtu.

Wenzako wa chuo walikuja baada ya mazishi yako kuchukua vizimba vya panya wa utafiti wako. Niliwapa vyote isipokuwa kimoja, kile cha panya wawili wa milia mgongoni uliowashika kwa nyasi kule chini ya shamba. Walinibembeleza sana. Unanijua. Kola yote hakuna mtu amewahi kunishinda kwa kukataa.

Sasa jike amezaa.

Nilitaka kumtoa dume mara moja. Mimi nimefuga sungura kuliko mtu yeyote huku, na dume hutolewa asije akawala watoto, hiyo haina mjadala. Nikashika mlango wa kizimba, nikakukumbuka hapo jikoni ukimenya viazi. "Mwache, Baba. Huyo si sungura." Ati akishapanda jike na kukaa naye, damu yake inabadilika. Homoni ya kutafuta majike inashuka, na ile ya kuleta maziwa kwa mama inapanda hata kwake, na hana maziwa. Nilicheka. Nikakuambia nimelea sita na sijabeba hata mmoja mgongoni, na damu yangu iko vile vile. Ukaniuliza, "Ulipimwa lini?"

Basi nikamwacha. Nikakaa kwa kiti chako mpaka chai ikapoa. Jike akatoka kula. Dume akaingia kwa ile nyasi, akawalamba watoto, akawalalia juu akiwa amejikunja kama mtu anayesikia baridi. Hakuwala.

Nikasema, "Mwaitu, kuja uone." Nilisema kwa sauti.

Ndugu zako hupiga simu Jumapili kutoka Athi River. Siku zingine ni hawa panya tu wanapumua na mimi ndani ya nyumba.

Ulisema kazi ikiisha warudishwe pale ulipowashika. Nimekuwa nikijifanya nimesahau. Sijasahau. Watoto wakianza kula wenyewe, nitabeba kizimba mpaka kule kwa nyasi, mimi mwenyewe, na nifungue. Hiyo nimekuahidi.

Lala, Mwaitu. Kizimba nitakiacha hapo hapo mlango ukiwa wazi, kama kuna mmoja atataka kurudi.

Baba yako