Sufuria Moja, Matumbo Matano

Mshauri mpendwa, nisaidie. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, mke wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa moyo, akaniachia wavulana wawili wakubwa, binti wa miaka kumi na minne na mama mkwe wangu tunayeishi naye, na fedha ya chakula ninayotoa ni ileile aliyokuwa akiipokea marehemu huku akiimba kwa sauti ya chini, lakini baada ya msiba ikawa inakatika kabla ya mwezi kwisha, nikashangaa, mlaji amepungua, matumizi yanapandaje, nikamgombeza binti yangu, maana ndiye anayepika, na kweli mwezi uliofuata ikatosha, nikamsifu mbele ya kaka zake.

Juzi nikaona amepakulia watu wote, yeye hana sahani. Nikamuuliza. Akasema, "Nimeonja sana jikoni, baba, nimeshiba."

Mshauri, hayo yalikuwa maneno ya marehemu kila jioni, nami nikimtania kwamba mpishi hafi njaa. Nikaenda jikoni, nikakuta sufuria imekwanguliwa, kavu kabisa. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Baba, mwanangu aliishi hivyo tangu hawa wavulana waanze kurefuka. Ulidhani hela inatosha yenyewe?"

Mtoto nashindwa kumtazama usoni, na mfukoni sina cha kuongeza. Nifanye nini?

Fundi Mageti

Fundi, pole sana. Nilipofika kwenye hiyo sufuria nami niliweka barua chini. Mkeo ameondoka kwa maradhi, usijitwike kifo chake. Ila hili la binti ni lako. Umehesabu vichwa, hukuhesabu matumbo. Wavulana wa umri huo wanakula kama karakana nzima na kila mwezi wanazidi, bibi anatosheka na vijiko vichache, na binti yako naye bado anakua. Wewe ukamsifu kwa kushinda na njaa?

Kuanzia leo pakua wewe, na sahani ya kwanza iwe ya mpishi. Chakula kikipungua, kipungue kwa wote, na kaka zake waambiwe sababu. Acha kununua chakula kwa vipimo vidogo kila jioni, nunueni mchele na maharage ya mwezi mzima kwa pamoja, wavulana wabebe. Siku za mapumziko wakusaidie kupaka mageti rangi, uchukue kazi zaidi.

Kisha mwambie binti kwamba ulikosea kumgombeza. Akianza kulia, usimnyamazishe. Huenda hajapata nafasi ya kumlilia mama yake, alikuwa anapika.