Wale wa Soksi za Kijani

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa wima. Nimekaa mara mbili, mara mbili nimeinuka, basi nimeiweka karatasi juu ya kaunta ya jikoni na kalamu iende itakavyo. Mama alisema nilizaliwa na siafu miguuni.

Leo Jumamosi, nikitoka kanisani, nilipita tena kwa yule Mhindi wa redio hapa Kisii mjini. Ameweka televisheni kubwa dirishani, na ikionyesha raga watu hujaa mpaka barabarani. Mchezo umebadilika, baba. Bao la trai ni pointi tano, wakati wetu zilikuwa nne. Mpira ukirushwa kutoka pembeni wanainuana juu kabisa. Aliyechoka anatolewa, anaingia mwenye nguvu mpya. Ni tamu, siwezi kukataa. Lakini skramu, lile rundo la kusukumana, inaanguka, refa anaipanga upya, inaanguka tena, nami nachungulia jua. Mwenye duka akanitolea kiti.

"Dada, keti basi. Mguu itauma."

"Asante, bhai, naenda tu."

Nikabaki pale nimesimama hadi mwisho, Biblia mkobani.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya makambi ya kanisa, kule Nyanchwa? Nilikuwa na miaka kumi na minne, nawe mzee wa kanisa mwenye suti ya kahawia. Tulikula viazi vilivyopikwa Ijumaa, tukashuka kilima kumwona mgonjwa. Hatukufika. Kwenye uwanja wa shule fulani ukaona vijana wameshikana mabega, vichwa chini, wanasukumana. "Kerubo," ukasema, "hawa wanapigana. Siwezi kupita tu." Ukaingia katikati, kofia mkononi, kuwasuluhisha! Refa alikutoa kwa heshima, watu wakicheka mbavu hawana.

Mtu mwingine angeondoka kwa aibu. Wewe ulisimama pembeni na kuuliza mbona wanarudisha mpira nyuma. Mwalimu mmoja akakueleza: "Mzee, kuurusha mbele kwa mkono ni makosa. Ukitaka kwenda mbele, unampa aliye nyuma yako." Ukatikisa kichwa kama mtu aliyesikia mahubiri. Nusu saa baadaye ulikuwa unakimbia kando ya mstari ukimhimiza yule mfupi wa soksi za kijani, "Minyoka! Minyoka!", akimbie, akimbie. Sijawahi kukuona hivyo, kabla wala baadaye.

Timu zilikuwa sare jua lilipoanza kushuka. Hapo ndipo ulipokumbuka kwamba sala ya kufunga Sabato ilikuwa yako. Tulipanda kilima mbio na bado tukachelewa. Wenzako wakakuuliza ulikuwa wapi. "Kwa mgonjwa," ukasema, ukaniangalia. Nikanyamaza.

Nilinyamaza juma moja tu. Sabato iliyofuata, nyumbani Sironga, vijana tukaitwa kutoa ushuhuda. Naapa sikuwa na nia mbaya. Lile neno la mwalimu lilikuwa linaniwasha. Nikasimama, nikaeleza jinsi mimi na baba tulivyojifunza uwanjani, siku ile ya makambi, kwamba kwenda mbele ni kumpa aliye nyuma yako. Hata nikaonyesha kwa mikono. Nikaketi kusubiri amina. Wazee wenzako wakageuka kukutazama.

Walikuvua uzee wa kanisa. Si kwa sababu ya raga, walisema, ni kwa sababu ya yule mgonjwa. Ukahamia benchi la mwisho, karibu na mlango, na hukutoka hapo tena. Hukunigombeza. Afadhali ungenichapa! Uliendelea kuchuma majani chai yako, nami kila siku nikasema kesho nitakuomba msamaha.

Mwaka jana, ukiwa kitandani, sauti imekwisha, nilikuja na maneno yangu nimeyapanga. Ukanitangulia.

"Kerubo. Wale wa soksi za kijani. Walishinda?"

Miaka yote hiyo! Nilidhani umebeba aibu niliyokutwika, kumbe bado ulikuwa uwanjani.

"Walishinda, tata. Yule mfupi alifunga dakika ya mwisho."

Ukacheka mpaka ukakohoa. "Nilijua," ukasema. Maneno yangu nikayasahau, na wiki hiyo hiyo tukakuzika.

Baba, sijui nani alishinda. Nimeuliza Nyamira, nimeuliza Keroka, nimemuuliza kila niliyesikia alisoma shule ile. Hakuna anayekumbuka. Ndiyo maana kiti cha bhai hakinikaliki, na kila mechi naitazama hadi filimbi ya mwisho, jua litue lisitue. Sasa naona nimesimama tena kutoa ushuhuda, na safari hii mwongo ni mimi. Nisamehe ule wa kwanza, nisamehe na huu.

Na ukikutana huko na mtu aliyekuwepo, akakwambia walishindwa, mwambie Kerubo amesema walishinda.

Lala salama, tata.

Ni mimi niliye nyuma yako,
binti yako, Kerubo