Yowe la Mama na Usinga wa Baba

Katoro, Geita
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa kaka Eustace,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Loveness na mwanetu Wema, na kile kifua kilichokusumbua msimu wote wa korosho kiwe kimetulia. Huku afya zipo. Mvua haijatunyima, mahindi ya uani yamenifika kiunoni, na mbuzi wa mama amezaa mapacha wenye kelele kuliko kwaya nzima ya parokia. Kwaresima tumeianza kwa mihogo na maharage, kama ulivyotuacha.

Najua umeshaanza kucheka: Melania kaandika barua, zama hizi za simu! Cheka, lakini usome. Kila ninapokupigia, mama husikia hata akiwa kwenye zizi la mbuzi. Anakuja, anaipokonya simu, anakwambia kwa sauti yake ya kanisani, "Mhola duhu, mwanangu, salama tu," kisha anakuuliza habari za mikorosho mpaka salio linakatika. Nawe huko Masasi unalala usingizi wako. Ninayotaka kukueleza hayasemeki mbele yake, ndiyo maana namkabidhi Onesmo, dereva wa lori la mchele, akupe mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Lile ghala la zamani la pamba, tulikokuwa tukiteleza juu ya marobota, sasa ni kituo cha sanaa. Watu wanapaita Ghalani tu. Watoto wanafundishwa kuchora, vijana ngoma na maigizo, na Jumamosi mchana wakubwa huketi kwenye mabenchi kujadiliana mambo ya mji: zebaki inayoingia kwenye visima, watoto wanaoacha shule wakaenda machimboni, wanaume wanaokunywa dhahabu yote Ijumaa na Jumatatu hawana chumvi. Mimi nashona mavazi ya maigizo na kuwafundisha mabinti cherehani. Nilipapenda mno, kaka. Nilikuwa naamka nikiimba.

Mwalimu wa maigizo anaitwa Gregory, kijana wa Morogoro. Ana roho nzuri, ila Kisukuma chake kinaishia kwenye "mwangaluka", na hiyo salamu ya asubuhi huitoa hata jua likizama. Mwezi wa kwanza alitunga igizo la bibi mmoja, Kabula, anayesingiziwa uchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mama alikuja kuniletea chakula, Gregory akamwona anavyotembea, akamwomba acheze sehemu ya Bibi Kabula. Unamjua mama. Alikataa mara moja tu, tena kwa ajili ya adabu.

Jioni ya kwanza alikwenda kufanya mazoezi uani kwetu. Akapiga yowe, ule mwano wetu ambao mtu akiusikia huacha tonge njiani. Kaka, walikuja! Ngusa, jirani yetu, alipasua uzio wa minyaa akatokea na rungu mkononi na povu la sabuni kwenye shavu moja. Wanawake walikuja na michi. Mama alisimama katikati yao anacheka huku ameshika mbavu, akiwaomba radhi. Ngusa akamwambia, "Mayu, siku nyingine utuambie kwanza, nimejikata kidevu." Tuliicheka habari hiyo wiki nzima. Lakini nilijisikia vizuri pia, maana kwetu asiyeitika mwano hutozwa faini na sungusungu, na watu wetu waliitika bila kukumbuka faini.

Kosa lilifanyika siku chache baadaye, na lilifanywa kwa nia njema. Gregory aliwaambia waigizaji kila mmoja alete kitu halisi cha nyumbani kwake, eti jukwaa halipendi vitu vya bandia. Mama akafungua sanduku, akatoa usinga wa marehemu baba, ule aliokuwa akiuzungusha alipowaongoza Bagalu kwenye mashindano ya ngoma dhidi ya Bagika. Akaja na maneno yake pia, yale ya kumlegeza mpinzani miguu kabla ngoma hazijalia. Mimi na wewe tumekua nayo. Baba alikuwa akimwambia hata jogoo aliyekataa kuingia bandani.

Gregory hakuelewa neno hata moja. Alipiga makofi, "Hivyo hivyo, mama!" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni, na nilichosikia kilikuwa sauti ya baba tu, nikatabasamu. Hakuna aliyewaza kwamba wazee wa kwenye mabenchi wangesikia kitu kingine. Wao wanajua kwamba kiongozi wa ngoma hutembea na dawa. Ukimwona mwanaume na usinga uwanjani, hayo ni mashindano. Mwanamke mzee aliyevaa kaniki, anayeitwa mchawi, ameshika usinga wenyewe na anatamka maneno yenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa.

Siku ya onyesho Ghalani palijaa mpaka madirishani. Mama alicheza, kaka, alicheza hata mimi niliyemshonea gauni nikasahau ni mama. Katikati akamnyooshea usinga Mwigulu, mwenye duara kule njia ya Ushirombo, yaani shimo la dhahabu lenye vijana wengi chini. Alimchagua kwa sababu ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Ghala zima liliangua kicheko, na Mwigulu mwenyewe akajifanya anaanguka.

Kisha wakaja vijana wa kwenye igizo na mapanga ya mbao. Hapo Gregory husimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji nani atapanda kusimama na bibi huyu. Hakuna aliyeinuka. Nikasikia hata bati likilia kwa jua. Mwisho akapanda Abel, mtoto wa Esta wa kwaya yetu, udongo wa duara bado uko magotini mwake. Akamshika mama mkono akasema, "Huyu ni mama yangu. Anayemtaka aanze na mimi." Nililia waziwazi, sikuona aibu. Makofi yalipigwa mpaka popo wakatoka darini.

Mwezi wa pili mvua zilipozidi, duara la Mwigulu lilibomoka. Wenzake wote walitoka. Abel hakutoka.

Wachimbaji walisema walishamwambia Mwigulu kwamba magogo ya kushikilia kuta yameoza. Hilo lilisemwa siku ile tu. Kesho yake maneno yaligeuka, na sina haja ya kukuambia yalianzia mdomoni mwa nani. Duara lililoanguka ni la nani? La yule aliyenyooshewa usinga. Aliyekufa ni nani? Yule aliyemshika mama mkono. Nani ataulizia magogo, kaka, wakati mchawi amekwisha kupatikana?

Msibani mama alichemsha michembe, vile viazi vikavu, akajitwika sufuria mwenyewe mpaka kwa Esta. Wanawake waliipokea, wakaiweka pembeni, na hapo ikakaa. Hata watoto hawakuigusa, na wewe unajua watoto na michembe. Esta, aliyeimba naye miaka yote, hakumtazama usoni. Tulirudi na sufuria ikiwa nzito vilevile. Njiani mama akaniambia huenda alizidisha chumvi.

Tangu hapo mambo yanakwenda pole pole, na hiyo pole pole ndiyo inayoniogopesha. Sokoni hawamwiti tena Mama Eustace. Wanamwita Bibi Kabula, kwanza kwa utani, sasa bila kucheka. Vijana wanampita bila salamu. Wiki iliyopita tulikuta alama ya mkaa kwenye nguzo ya lango letu. Mama aliifuta kwa ncha ya kanga akasema ni watoto. Kaka, alama ile ilikuwa juu kuliko mkono wangu unavyofika, na mama ilibidi apande kwenye kigoda.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinipokea vizuri, akaniambia mpaka sasa hakuna aliyetamka tishio. Ni kweli, hakuna. Laiti wangetukana! Mtu anayekutukana angalau bado anaongea nawe.

Gregory amekonda kwa majuto. Alitaka kufuta onyesho la pili na mjadala wake, vilivyopangwa Jumamosi ya tarehe 22. Mama amekataa katakata. Nilimwambia basi aje akae kwako Masasi hata miezi miwili, akanijibu, "Nikiondoka leo nimekiri. Baba yenu hakutoka uwanjani ngoma zikiwa zinalia." Usinga atauacha nyumbani, amekubali hilo tu. Anasema atacheza tena mbele ya watu walewale, kisha watajadiliana mchana kweupe, na kila mwenye neno alitoe akiwa amesimama.

Shida ni lile swali la Gregory. Ameshawazungukia vijana wote wa kikundi kuwaomba mmoja wao apande swali litakapoulizwa. Huyu ana safari, yule mguu unamuuma. Wanaona aliyepanda mara ya kwanza yuko wapi. Nikifikiria mama amesimama pale, mapanga ya mbao yamemzunguka, Gregory anauliza na ghala lote linatazama chini, najua kitakachofuata hakitakuwa cha mbao. Watakuwa wamepiga kura bila kuinua mikono.

Mimi nitapanda, hata huna haja ya kuuliza. Lakini mimi nakula naye chungu kimoja, nimeshahesabiwa upande wake. Anatakiwa mtu mwenye uzito. Wewe ndiye mtoto wa kwanza, mji huu ulimwita mama kwa jina lako miaka arobaini. Njoo, kaka. Panda mbele ya wote, mshike mkono, wakuone unashuka mzima na kunywa chai nao. Baada ya hapo umchukue mama mwondoke naye kwa mlango mkubwa, watu wakiwaaga, atakuwa hajakimbia. Mimi siamini kwamba anayemshika mkono hufa. Namshika kila siku. Sitakuficha kwamba wao wanaamini, na naogopa, kaka. Naogopa sana.

Nilitaka kuishia hapo, lakini lazima nikuambie la juzi, ujue tumefika wapi.

Juzi jioni, jua bado liko juu ya miti, mama alikwenda uani kufanya mazoezi. Akapiga lile yowe. Kaka, alilipiga kuliko mara ya kwanza, mbuzi wakakimbilia pembeni, na mimi mwenyewe nikaangusha mkasi. Nikasimama mlangoni nikisubiri miguu ya watu. Niliwasikia wako majumbani. Nilisikia mtu akitwanga, na mchi ukanyamaza. Mlango fulani ukafungwa taratibu. Kisha mchi ukaendelea kutwanga.

Mama alisubiri kidogo naye. Akasema, "Watakuwa wamejua ni mazoezi," akaingia ndani kuinjika uji.

Asubuhi nilimkuta Ngusa anaziba pale alipopasua uzio ule mwezi wa kwanza, anafunga fito mpya. Nikamuuliza kama jana alisikia. Hakugeuka.

"Nilisikia, Melania," akasema. Akaendelea kufunga.

Msalimie sana wifi Loveness, umwambie kitenge chake nimekimaliza na nitakupa urudi nacho. Wema mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Baba Padri Herman anakusalimu, na Gregory pia, ingawa hamjuani. Mungu akufungulie barabara kutoka huko mpaka huku, akutangulie kwenye kila daraja, na Bikira Maria akufunike kwa kanga yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Melania

Mama ameingia sasa hivi na kunikuta na kalamu. Ameuliza namwandikia nani, nikasema wewe. Amefurahi, anafuta mikono kwenye kanga. Anasema nikuandikie kwamba usihangaike na safari, hapa mhola duhu.