Nadhiri ya Chumvi

Azua, Jumapili

Mama,

Leo sianzi kwa kukuomba baraka kama kawaida yetu. Boksi ulilotuma kutoka Puerto Riko limefika, na viatu vimemkaa mjukuu wako Anyelina vizuri. Mparachichi umezaa hadi tunawagawia majirani.

Mimi bado nameza vidonge vya presha, mwaka wa pili sasa tangu nijifungue. Daktari anasema moyo umechoka, nisibebe mimba tena.

Nilipokuwa mjamzito, kliniki waliniuliza kama mama yangu aliwahi kupata presha ya mimba. Nikacheka. "Mama yangu? Yule ni chuma." Muuguzi akaandika hapana, akaniambia nirudi baada ya mwezi, kama wajawazito wasio na hatari.

Jana mama mdogo Fior alinikuta napika bila chumvi. "Umekuwa kama mama yako," akasema, "tangu kifafa cha mimba kimwangushe akikuzaa wewe." Aliponiona nimeduwaa, akauliza, "Kwani hakukwambia?"

Miaka thelathini ulikula maharagwe yasiyo na chumvi, ukituambia ni nadhiri kwa Bikira Maria wa Altagrasia. Nami nikijisifia imani yako kwa watu.

Anyelina akiniuliza kuhusu chakula changu, sitamsingizia Bikira.

Mwanao,
Yokasta