Maji ya Mwanaheri na Macho ya Bibi

Vingunguti, Dar es Salaam

Dada Mwajuma, shikamoo. Mie mzima, nanenepa, shati uliloninunulia halifungi tena tumboni. Nyie huko Handeni mwaonaje hali? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Bibi anasikia kila kitu.

Umesema kaacha dawa ya macho aliyopewa hospitali, anasubiri maji ya Chemchemi ya Mwanaheri. Dada, hiyo chemchemi iko bondeni, chini ya kibanda changu cha supu. Ni shimo. Lina kenge mmoja na ndala moja.

Mlinzi wake, Mzee Kondo, hadithi anaibadilisha kama shuka. Jumatatu Mwanaheri alikuwa mke wa jumbe, akalia mpaka ardhi ikatoa maji. Ijumaa ni kijakazi aliyemkimbia Mjerumani, akapiga mguu chini, maji yakamficha. Nikamuuliza, "Babu, sasa alilia au alikimbia?" Akasema, "Wewe wa supu utajua nini?"

Wa supu ndiyo mie. Supu ya kichwa cha ng'ombe hapa naipika mie, wengine wanachemsha maji tu. Juzi bomba halikutoa, nikashuka kuchota na sufuria langu, jeusi tii kwa masizi. Kumbe mwiko: masizi yakigusa maji yale, Mwanaheri anachukia, chemchemi inakauka. Akina mama wakapiga yowe kama nimechinja mtu. "Haya mabarobaro ya bara hayana adabu."

Haikukauka. Nikapewa adhabu ya kuifagia siku saba, pekupeku. Siku ya tatu nikafuata maji yanakotokea vichakani. Nikakuta bomba la choo cha nyumba ya juu linachuruzika humo humo. Nikamwita Mzee Kondo. Akatazama weee, kisha akasema, "Usiwaambie watu, mwanangu. Wanatoka mbali."

Hiyo ndiyo historia yenyewe.

Sasa kwenye mfuko huu kuna chupa ndogo yenye kitambaa chekundu. Ni dawa ile ile ya hospitali, nimeinunua kwa cheti ulichonipigia picha. Mtie asubuhi na jioni kama daktari alivyoandika. Mwambie ni maji ya Mwanaheri, nimeyachota alfajiri, pekupeku, na Mzee Kondo kayaombea.

Nisalimie Baba Mdogo fundi baiskeli, na ustadhi wa madrasa aliyesema sitajua kuandika.

Bibi akilalamika kwamba maji yanawasha, mwambie Mwanaheri alikuwa mkali.

Mdogo wako, mpishi wa supu na mfagizi wa mizimu,
Seif