Mtoto wa Muuza Samaki

Ggaba, Kampala
12 Machi, 1994

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Natumaini mguu wako umepata nafuu na Baba hakohoi tena. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na nitakueleza sababu.

Niliporudi kutoka visiwani, nilikokaa miezi kadhaa nikinunua samaki, nilimkuta binti yetu Whitney amevimba miguu na uso. Nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya kutu. Hachezi, halii kwa nguvu, anakutazama tu. Niliogopa, Mama, na unanijua: hofu yangu haikawii kugeuka hasira.

Maimunah, mwenye nyumba wetu, aliniita pembeni akaniambia huo ni obwosi. Huku watu husema mtoto mdogo huvimba hivyo mama yake akishika mimba nyingine. Nikaikumbuka miezi ya safari yangu, damu ikanichemka. Nilimuuliza mke wangu Nerima mimba ni ya nani. Aliapa hana. Nilimtupia nguo nje majirani wakitazama, naye akamfunga mtoto mgongoni akaenda hospitali ya Mulago kwa miguu.

Kesho yake nilimfuata wodini, bado nimefura. Nesi aitwaye Joska alinikalisha kabla sijafungua mdomo. Alisema Nerima amepimwa na hana mimba. Kinachomuua mtoto ni chakula. Aliuliza anakula nini, Nerima akajibu matoke, uji wa muhogo na chai. Nesi akaeleza kwamba vyakula hivyo humpa mtoto nguvu tu. Mboga na matunda humkinga na magonjwa, lakini mwili hujengwa na maharagwe, karanga, maziwa, mayai na samaki. Ukivikosa, hujila wenyewe, na maji hujaa palipokuwa na nyama. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomjibu kwamba nauza samaki, akatikisa kichwa.

Aibu niliyoona siwezi kuiandika. Nilimgeukia Nerima nikamuuliza kwa nini hakumpa hata dagaa. Alijibu bila kuniangalia. Mama, alisema ni wewe. Ulipokuja kumwona mjukuu wako, ulimkataza kumpa samaki na mayai kabla mtoto hajaanza kusema, asije akawa bubu. Alikutii hata uliporudi Bungoma, wakati hakuna aliyemchunga.

Sikuandikii ili nikugombeze. Mimi pia ulinilea hivyo, na ulifanya kwa mapenzi. Ila ujue Whitney sasa anasagiwa dagaa kwenye uji, uvimbe unashuka, na jana alisukuma bakuli akatamka neno lake la kwanza: "Ingine." Wodi nzima ilicheka isipokuwa Nerima.

Ukipata barua hii, panda basi uje. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hakukosa, maana nikisema mimi hageuki. Nisalimie Baba, Nyongesa na wote wanaoniulizia. Mtoto anasema, Mama. Ni mama yake ambaye hajaniambia neno tangu siku ile wodini.

Mwanao,
Wanyama